Waliokula Kitabu Changu Bure

Kitabu changu kilinirudia kwa simu Jumamosi moja asubuhi, nikiwa nimeinama nafagia baraza. Aliyenitumia ni binti ya dada yangu, anayeishi mtaa wa Huruma. "Anti, ona mapishi matamu nimepata kwa grupu," aliandika. "Wewe ni mtu wa keki, jaribu uniambie."

Nilifungua. Ukurasa wa kwanza ni maneno yangu. Wa pili ni maneno yangu. Jalada lenye picha yangu na bei lilikuwa limekatwa, limetupwa huko, lakini kule chini ya kila ukurasa nambari yangu ya simu ilikuwa bado imekaa, kwa sababu niliiweka mwenyewe ili mnunuzi akikwama anipigie. Juu ya faili simu iliandika kwamba imesambazwa mara nyingi. Mara nyingi! Nilitupa ufagio nikakaa pale pale mlangoni, kwenye vumbi nililokuwa bado sijaondoa.

Wacha nieleze kwa nini niliumia hivyo, usije ukasema mama huyu anapenda makelele. Mimi ni mwokaji wa keki. Harusi za mtaani kwetu Buruburu, ubatizo, siku za kuzaliwa za watoto ambao leo nao wana watoto, nyingi zimepita mikononi mwangu. Oveni sikuwahi kununua, hata nilipoweza. Keki yangu ni ya jiko la makaa: unatia mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, juu ya mchanga unaweka sufuria ndogo yenye keki, unafunika, halafu juu ya kifuniko unapanga makaa mengine yaliyowaka. Moto chini, moto juu. Inatoka na ukoko wa rangi ya kahawia ambao watu walikuwa wakiubandua na kuula kabla bibi harusi hajashika kisu.

Lakini sufuria ya mchanga ni nzito jamani, na mimi nimeibeba tangu nikiwa msichana. Mwaka juzi mgongo ulikataa. Daktari alinitazama akasema, "Mama, chagua. Hizo sufuria, ama kutembea." Nikachagua kutembea, kwa shingo upande.

Sikujaliwa mtoto, na mume wangu alitangulia zamani. Aliyebaki kunijali ni kaka yangu mkubwa, aliyestaafu kazi ya reli akarudi kwetu magharibi. Alipopata habari za mgongo alinipigia siku hiyo hiyo. "Dada, rudi nyumbani," alisema. "Nimekutengenezea chumba. Dirisha lake linaangalia mahindi."

Mahindi! Mimi nilizaliwa kwenye nyumba za reli hapa mjini, Eastlands, mahindi nayajua yakiwa yamechomwa na kupakwa ndimu. Kilugha chetu nakizungumza kwa kukanyaga kanyaga, watoto wa kijijini wananicheka mpaka wanakaa chini. Huku najua kila mtu kutoka kwenye geti letu hadi sokoni. Nikikohoa usiku, asubuhi kuna jirani anauliza nimeamkaje. Nilimwambia kaka anipe hadi mwisho wa mwaka. Kama sitapata namna ya kujilisha bila kubeba sufuria, nitafunga mizigo. Alikubali, na mimi nikiahidi jambo naahidi kweli.

Hicho kitabu ndicho kilichokuwa namna yenyewe. Nilikaa miezi kadhaa nikikiandika kwenye simu, kidole kimoja kimoja, nikikumbuka kila kitu mikono yangu inachojua bila kuambiwa. Nikawauzia wa kwanza. Wengine wakasema, "Nitachukua mwisho wa mwezi, mathe." Nilikuwa nawasubiri hao wa mwisho wa mwezi ili nimwambie kaka alime mahindi yake ya dirishani bila mimi. Sasa kitabu kilikuwa kinazurura Huruma bila jalada.

Mwizi sikumtafuta mbali. Mnunuzi wangu wa kwanza kabisa alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu, na nilipomkuta getini kwake akianika nguo hakujificha hata kidogo.

"Mama Mwenyekiti," nikamwambia, "kitabu changu umekipeleka wapi?"

"Kile cha keki? Si nilikiweka kwa grupu ya akina mama, wabarikiwe! Kimewabariki sana. Hata wa makanisa mengine wamekiomba."

"Nilikuuzia wewe."

"Ndiyo, na nilinunua," akasema kwa fahari. "Mimi sikuomba cha bure kama wengine." Akabana shati kwenye kamba. "Sasa mama, nikinunua sukari, nikampa jirani kikombe kimoja, mwenye duka atakuja kunifokea?"

Jibu lilikuja jioni nikioga, kama ilivyo kawaida yangu: sukari ukigawa inapungua kwako, lakini kitabu alikigawa chote na bado anacho chote, na aliyepungukiwa ni mimi. Nilitaka kurudi nimwambie na povu masikioni. Sikurudi. Yule mama si mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Ukiibiwa na mtu mbaya angalau unapata wa kumlaani.

Wale wa mwisho wa mwezi walipofikiwa na mwisho wa mwezi, niliwapigia. Wa kwanza alisema, "Ai mathe, usisumbuke, nilishapata." Alisema kwa upole, kama mtu anayenipunguzia kazi. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu sikumpigia. Kaka alipouliza kitabu kinaendeleaje nilimwambia watu wanakisoma sana, na hapo sikusema uongo.

Halafu simu zikaanza.

"Hello, ni mwenye keki?" Sauti ya mwanamke kijana, mtoto analia nyuma yake.

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Mathe, niko huku Pipeline, kwa maghorofa. Keki yako imenikataa."

"Keki yangu gani? Tulikutana wapi mimi na wewe?"

"Ya kitabu. Chini imeungua, juu bado ni uji."

"Na hicho kitabu ulinunua kwa nani?"

"Sikununua, nilitumiwa," akasema bila hata kumeza mate.

Ala! Nilikata simu kwa raha zangu zote. Mtu ameniibia, halafu ananipigia kunishtaki kwamba alichoiba hakifanyi kazi! Nilicheka peke yangu jikoni, kicheko kichungu. Kesho yake akapiga mwingine, wa Huruma, naye keki yake ni jiwe. Akaja mwingine akiuliza nani atamlipa mayai yake. Wezi wangu walikuwa na malalamiko, na walilalamika kwa adabu zao zote, "shikamoo mum" kwanza, halafu "keki yako imenikataa". Kila mmoja alisema hivyo, keki yako. Hakuna aliyesema keki yangu.

Hasira yangu ikaanza kugeuka hofu. Miaka yote nimeheshimika kwa keki, na sasa kuna keki mbovu zinatoka kwenye jikoni za watu nisiowajua, na kila moja ina nambari yangu chini ya ukurasa. Kitabu hakikuwa kinanilisha, na sasa kilikuwa kinaniharibia jina mtaa kwa mtaa.

Yule wa Pipeline alipiga tena. Safari hii sikukata, kwa sababu alianza kwa kulia.

"Mathe, usikate, tafadhali. Jumapili mtoto anabatizwa na mama mkwe anakuja. Nimeshamwambia keki nitapika mwenyewe. Na sufuria yangu imeharibika, na msimamizi wa ploti hii ya kupanga amesema nikipandisha mchanga tena ananifukuza."

"Mchanga umeutoa wapi?"

"Kwa hao wanaojenga hapo kando. Nilichota kidogo tu."

"Ulikuwa mkavu?"

"Ulikuwa na maji maji. Na... mathe, nafikiri walikuwa wameshatia simiti."

Mungu nisamehe, nilicheka mpaka nikashika mgongo. Mtoto wa watu alipandisha zege ngazi zote zile, akalitia kwenye sufuria, akalipasha moto! Lakini katikati ya kicheko nikakumbuka kitu.

"Ngoja. Ulipasha kwa moto gani? Una jiko la makaa?"

"La, niko na huu mtungi mdogo wa gesi, wenye jiko lake juu. Fleti hii makaa hayaruhusiwi. Hakuna anayepika na makaa huku, mathe. Tutawashia wapi?"

"Na kwenye kifuniko uliweka nini?"

"Ulisema makaa. Sina. Nikaacha hivyo tu."

Nilikuwa nimeandika kitabu kizima nikiwa nimekaa kwenye ua wangu mdogo Buruburu, nikidhani kila mtu ana ua. Wanunuzi wangu wachache walikuwa majirani wenye ua kama mimi. Kitabu chenyewe, kwa miguu yake ya wizi, kilikuwa kimekwenda kwa watu ambao mimi sikuwahi kuwafikiria hata mara moja.

"Fleti yako iko wapi?" nikamwuliza. "Na usinunue mayai mengi, hatujui itakuwaje."

Nilifika kesho yake nikiwa na unga wangu kwenye kikapu. Pale chini, msimamizi wa ploti alikuwa kwenye kiti cha plastiki, akanitazama kikapu.

"Wewe ndiye mama wa mchanga?"

"Ni mimi. Leo nimekuja na unga tu, unaweza kupekua."

Akapekua kweli! Nikapanda polepole, nikipumzika kila kona, nikijilaumu kwa kila ngazi. Yule msichana alinipokea mlangoni kwa mikono miwili, "Ngai, mathe, umekuja!" Chumba kilikuwa kimoja, safi, kitanda upande huu, pazia, na upande ule mtungi wa gesi, sufuria na beseni. Kwenye kona nikaiona ile sufuria iliyotiwa mchanga. Simiti ilikuwa imekauka ndani, imeshika, hata nyundo isingeitoa.

Nilikaa kitandani kwa sababu kiti hakikuwepo, na kwa sababu mgongo ulidai. Nikamwambia apige siagi na sukari mpaka iwe nyeupe, atie yai moja moja, na mimi nikatazama. Mkono wake ulikuwa mzuri. Hakuna kosa hata moja alilofanya. Tukatia kwenye sufuria, tukaweka kwenye gesi, nikamwambia moto mdogo, nikamwambia asifungue, nikamwambia mambo yote ninayojua.

Chini ikaungua. Juu ikabaki uji.

Nilitazama ile keki nikaona aibu imenipanda mpaka masikioni. Yeye alinitazama mimi, akaitazama keki, akajaribu kujizuia, akashindwa. "Haki mathe," akasema akishika mdomo, "hata wewe imekukataa!" Akacheka, na mimi nikacheka, mtoto akaamka akaanza kucheka bila kujua tunacheka nini. Wiki nzima nilikuwa nimewaita watu hawa wazembe moyoni mwangu. Kumbe hawakukosea kitu. Walifuata kitabu neno kwa neno, na kitabu hakikuwa chao.

Tukaanza upya, sasa kama watu wawili wasiojua. Moto wa gesi unapiga mahali pamoja, katikati, kwa hiyo tukaweka kwanza kikaango chake kizito cha chapati, sufuria ya keki juu yake, moto uwe mdogo kabisa. Kifuniko tukakifunga kwa kitambaa kinene, ncha zikavutwa juu mbali na moto, ili mvuke usidondoke ndani, na joto likae. Kuhusu rangi ya juu tulibishana. Mimi nilitaka ukoko wangu. Yeye akasema, "Kwani mathe, tukiigeuza? Chini si ndiyo ina rangi? Iwe juu." Nilitaka kumwambia keki haigeuzwi, nimeoka miaka mingi, nani kakuambia keki inageuzwa. Halafu nikauliza moyoni, haigeuzwi kwa nini? Sikupata sababu.

Ilipoiva tuliigeuza kwenye sinia. Ilishuka yote, laini, ya kahawia kama ilivyotakiwa, mvuke unatoka. Yule msichana akapiga kelele, na nadhani kelele ndiyo iliyowaita, ama ni harufu, kwa sababu nilipoinua macho mlango ulikuwa umejaa wanawake wa korido nzima. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Mwingine mikono ina sabuni.

"Huyu ndiye mwenye nambari?" mmoja akauliza.

"Ndiye mwenyewe."

"Mum, mimi pia niko nayo hiyo kitabu. Ilinikataa."

"Hata mimi." "Hata sisi wote tuko nayo."

Walisema bila aibu, kama watu wanaosema tuko na maji leo. Nilikunja uso nikawaambia, "Kwa hivyo nyinyi wote ni wezi wangu." Wakacheka, wakatazama chini, wakacheka tena. Yule mwenye mtoto mgongoni hakucheka sana. Akauliza, "Mum, ukija kwangu unifundishe hivi, unachukua ngapi?"

Nilidhani ananitania. Nikamtajia bei ile ile ya kitabu, ile ambayo hakuna mtu wa mwisho wa mwezi aliyekubali kuitoa. Akasema sawa, kesho. Mwenye sabuni akasema yeye kesho kutwa. Nikashindwa kuvumilia.

"Ngojeni kwanza," nikasema. "Kitabu mlikataa kununua. Hii mnalipa. Kwa nini?"

Wakatazamana. Yule wa sabuni akajibu, kama ananionea huruma kwa kutoelewa, "Mum, kitabu ukikiuliza kimenyamaza. Na nisingejua wewe ni nani kama hakingenifikia. Nani angenipa pesa nimtumie mtu nisiyemjua, juu ya keki sijawahi kuonja?"

Nililibeba jibu hilo nikiteremka ngazi, na bado nalibeba. Silipendi lote. Kuna watu waliokuwa wamenuia kununua, wakaacha kwa sababu walipewa bure, na hao nilinyang'anywa, hakuna atakayenibadilisha mawazo. Mimi bado naita wizi wizi. Lakini hawa wa Pipeline hawakuwa wameninyima kitu. Hawakuwa wateja wangu hata siku moja. Kitabu kiliwaendea bure, kikawaonjesha, kikawaudhi, kikawafanya wanipigie simu. Mimi kwa akili zangu na jalada langu zuri nisingewafikia hata kwa miaka kumi.

Na jambo jingine nililigundua chini kabisa, nikimpita msimamizi aliyenyoosha mkono akidai kipande cha keki. Mgongo haukuwa unauma. Tangu asubuhi sikuwa nimeinua kitu. Nilikaa kitandani kwa mtu, nikanyoosha kidole, nikabishana, nikaonja. Mambo yale yote nayaweza hadi uzeeni.

Jumapili mama mkwe alikula vipande viwili akauliza keki imenunuliwa wapi. Msichana alinipigia kunieleza hivyo akipiga vigelegele kwenye simu. Baada ya hapo nilihama korido kwa korido, fleti kwa fleti, na Huruma wakaniita, akiwemo yule aliyedai mayai yake. Kitabu nimekiandika upya, cha gesi, na safari hii sikukiuza. Nimewapa waende nacho wanakotaka. Mama Mwenyekiti alikiweka kwa grupu yake siku hiyo hiyo, akaandika juu, "Mwenyewe ameruhusu." Nilimpenda kidogo kwa hilo.

Mwaka ulipokaribia kuisha nilimpigia kaka. Nilikuwa nimepanga maneno, kwa sababu chumba alikuwa amekijenga kwa mikono yake, na yeye ni mtu wa kuumia kimya kimya. Nilimweleza kila kitu, wizi, zege, keki iliyogeuzwa, wanawake mlangoni. Nikamwambia nalipa kodi yangu, nakula, na mgongo unatulia. Nikamwambia, "Kaka, usinikasirikie. Sitakuja."

Nilisikia kuku wake nyuma. Nikajiandaa kwa maneno ya heshima yenye jeraha ndani.

Halafu nikasikia anashusha pumzi, ndefu, mpaka simu ikakwaruza. "Afadhali," akasema. "Afadhali, dada."

"Afadhali vipi?"

"Nilikuwa silali. Kila nikipaka rangi kile chumba nawaza, huyu nitamleta hapa akae na nani? Aongee na nani? Mimi mwenyewe tangu nirudi sijapata mtu wa kuongea naye Kiswahili chetu cha reli. Nilikuita kwa sababu ni lazima nikuite. Lakini nilikuwa naomba Mungu usije."

Machozi yalikuja yenyewe, na hata sikuyafuta, nikayaacha yashuke. Miezi yote ile mimi huku nikiogopa kwenda, na yeye kule akiogopa nije, na kila mmoja akimficha mwenzake kwa upendo. Tukaongea mpaka simu yake ikaisha moto, Kiswahili chetu, yeye akicheka kile kicheko cha utotoni ambacho sikuwa nimekisikia tangu astaafu. Kabla haijakatika aliniuliza kama chumba anaweza kukifanya cha kuku. Nikamwambia kifanye cha wageni, kwa sababu Aprili nakuja kumwona, na nitarudi.